Viatu vya Bwana Guston

Baba yangu ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, ndugu msomaji, maana imenichukua miaka minane ya kuandika kabla sijathubutu kuliweka kwenye karatasi. Wenzangu wa kijiwe chetu cha waandishi, pale varandani Magomeni tunapokutana Jumamosi jioni, walijua tu kwamba mzee wangu "anafanya biashara". Biashara gani, hakuna aliyeuliza, nami sikujisumbua kufafanua. Kumbe biashara yenyewe ni mkokoteni, mizani ya kuning'iniza na gunia la sufuria zilizotoboka.

Mashairi niliyokuwa nikiyasoma pale kijiweni hayakuwa na mkokoteni ndani yake. Kusema kweli hayakuwa na kitu chochote. Yalikuwa na utupu, yalikuwa na mawimbi ya nafsi, yalikuwa na kiza cha maana. Yalikuwa mashairi huru, hayana vina wala mizani. Mizani nilishaiacha nyumbani kwa baba. Washikaji wakiyasikia walitikisa vichwa polepole, mmoja akasema, "Hilo zito, mwana." Nami kichwa kikavimba. Mtu akikuambia umeandika jambo zito, na wewe mwenyewe hujui umeandika nini, si raha hiyo?

Basi siku moja pale Posta, kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini ukingoni mwa barabara, nikaokota kitabu cha picha kisichokuwa na jalada. Nilivutwa na rangi tu. Ukurasa mmoja ulikuwa wa waridi mtupu, waridi chafu kama ufizi, na katikati yake rundo la viatu vilivyopinduliwa, soli juu, misumari ikionekana. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto gani aliyechora hivi? Nikafunua kurasa za nyuma, nikakuta picha nyingine kabisa: hakuna kiatu, hakuna mtu, ni mipigo ya brashi tu iliyokusanyika katikati kama moshi mwekundu. Nikatazama jina. Lilikuwa lile lile: Philip Guston. Nikalipa elfu tano, nikapanda daladala.

Nikiri tena jambo. Mimi si mchoraji, na sijawahi kusimama mbele ya picha ya Guston hata moja. Nimezijua kwenye karatasi na kwenye kioo cha simu. Lakini nimeishi na kitabu kile mwaka mzima, na nimeona ndani yake jambo ambalo sisi tunaoanza kushika kalamu tunalihitaji kuliko semina kumi. Ngoja nisimulie.

Guston alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1913, na jina lake halikuwa Guston bali Goldstein. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Odessa, mji wa bandari ambao leo uko Ukraine. Yeye akiwa bado mdogo, familia ikahamia Los Angeles, Marekani. Huko baba hakupata kazi ya maana. Akaishia kuzunguka mitaani akikusanya vitu vilivyotupwa na watu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kizingiti. Uani baba alikuwa akitenganisha shaba na chuma, maana shaba ina bei na chuma kina uzito tu. Sikumwambia kitu. Nikarudi ndani nikaendelea kusoma, na yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi: baba yake Guston alijinyonga, mtoto akiwa na umri wa miaka kama 10, na simulizi zinasema mtoto ndiye aliyemkuta. Baada ya hapo mtoto akawa na tabia ya kujifungia ndani ya kabati kubwa la nguo, chini ya balbu moja inayoning'inia, akichora katuni. Hata kozi ya katuni alijiunga kwa njia ya posta. Shikeni hiyo balbu na hizo katuni, ndugu zangu, tutazikuta mbele.

Akiwa sekondari alisoma shule moja na kijana mwingine aliyekuja kuwa na jina kubwa duniani, Jackson Pollock. Walifukuzwa wote wawili baada ya kusambaza kijikaratasi kilicholalamika kwamba shule inathamini michezo kuliko sanaa. Pollock alirudi, Guston hakurudi. Akawa mchoraji wa kujifundisha, akitazama picha za mabwana wa Kiitaliano wa zamani kwenye vitabu, kama nilivyozitazama zake mimi.

Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya njaa na hasira. Kundi la Ku Klux Klan, wale wabaguzi wanaojifunika kofia nyeupe zenye ncha, lilikuwa na nguvu Los Angeles, na Guston akalichora waziwazi: watu wa kofia na kamba ya kunyongea. Mwaka 1933 polisi wa jiji hilo walivamia klabu ya wasanii wa mrengo wa kushoto wakaharibu picha zilizokuwamo, na zake zilikuwa miongoni. Mwaka uliofuata yeye na rafiki yake Reuben Kadish wakaenda Meksiko, katika mji wa Morelia, wakachora ukuta mkubwa kuhusu vita na mateso. Kisha akahamia New York, akachora kuta za majengo ya umma chini ya mradi wa serikali uliowapa wasanii kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Ni katika miaka hiyo hiyo alipoliacha jina la Goldstein akajiita Guston. Nadhani nalielewa hilo. Mimi pia jina ninalotia chini ya mashairi yangu si lile analoniita baba.

Mwaka 1941 alichora picha iitwayo Martial Memory. Ni watoto wa mtaani wanacheza vita, mifuniko ya mapipa ndiyo ngao zao. Picha safi, imepangika, kila kitu mahali pake. Watu wakaipenda, akapata kazi ya kufundisha vyuo vikuu, akapata tuzo. Angeweza kubaki hapo mpaka uzeeni, akichora watoto na mifuniko, na hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini vita vya dunia vilikwisha, habari za kambi za mauaji zikajulikana, na watu waliomo katika picha zake wakaanza kubanana, kuchanika, kuyeyuka. Katika The Tormentors, aliyoimaliza mwaka 1948, watu hawaonekani tena. Ila ukitazama kwa makini utaona mistari myembamba, mabaki ya kofia, mabaki ya soli za viatu, kama alama za vitu vilivyong'olewa ukutani. Baada ya hapo hata hayo mabaki yakapotea.

Ndipo ikaja ile miaka ya 1950. New York ilikuwa na kundi la wachoraji, Pollock, Willem de Kooning, Mark Rothko, Franz Kline na wengine, ambao mtindo wao ulipewa jina refu la ekspreshonisimu dhahania. Kwa maneno mepesi, walisema picha haina haja ya kuwa picha ya kitu. Rangi yenyewe, mpigo wa mkono wenyewe, ndiyo habari. Guston aliingia humo kwa miguu miwili. Picha yake ya 1951, White Painting I, aliichora akiwa ameisogelea turubai karibu kabisa, asirudi nyuma kutazama mpaka alipomaliza. Hebu fikiri, kuandika ukurasa mzima bila kuusoma tena mpaka nukta ya mwisho! Kisha ikaja Zone, ya 1953 na 1954, ile niliyoiita moshi mwekundu. Mipigo midogo midogo ya waridi na nyekundu inakusanyika katikati, kingo zinabaki kama ukungu. Ni nzuri mno. Siwezi kuidharau hata nikitaka.

Na dunia ikampigia makofi. Mwaka 1962 jumba la Guggenheim la New York likafanya onyesho kubwa la kazi zake zote. Mwaka huo alitimiza miaka 49. Kwa lugha ya kijiweni, jamaa alikuwa amefika.

Sasa sikilizeni. Mtu amefika, ana heshima, ana jina, halafu anaanza kukosa usingizi. Ilikuwa ni miaka ya vita vya Vietnam, miaka ya watu weusi kupigwa mabarabarani wakidai haki zao. Guston alieleza baadaye kwamba alijiona kama mtu aliyegawanyika: anakaa nyumbani anasoma habari, anapandwa na hasira juu ya kila kitu, halafu anaingia chumba cha kazi kulinganisha nyekundu na buluu. Huyo ni mtu wa namna gani? Nilipousoma mstari huo nilihisi kama nimekamatwa nikiiba. Maana mimi je? Natoka nyumbani kwetu, ambako jioni tunahesabu kilo ili tujue tutakula nini, naingia varandani Magomeni nasoma habari za mawimbi ya nafsi.

Mwaka 1967 alihamia moja kwa moja Woodstock, nje ya New York. Akaacha kupaka rangi kwa muda, akawa anachora kwa wino na mkaa tu. Alikuwa akivutana na nafsi yake. Siku moja anachora mistari mitupu, miwili mitatu kwenye karatasi nyeupe, anaridhika. Siku ya pili anachora kitabu. Kiatu. Kikombe. Anaona haya, anarudi kwenye mistari. Anarudi tena kwenye kiatu. Mwisho kiatu kikashinda. Kuanzia 1968 alichora vitu vya kawaida kwenye vibao vidogo, kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza majina ya vitu. Halafu zikarudi zile kofia nyeupe za ujana wake. Lakini safari hii zilikuwa kofia za katuni, zinaendesha magari, zinavuta sigara, zinapiga soga.

Oktoba 1970 akazionyesha, picha 33, katika nyumba ya sanaa ya Marlborough, New York. Alikuwa na miaka 57. Watu walishtuka. Mhakiki wa New York Times, Hilton Kramer, aliandika kwa kejeli kwamba huyu ni mwanazuoni wa makasri anayejifanya mlalahoi. Wachoraji wenzake walimpita kama hawamjui. Rafiki yake mpenzi, mtunzi wa muziki Morton Feldman, alizitazama zile picha akakosa la kusema, na ukimya huo ukavunja urafiki wao. De Kooning ndiye aliyempongeza, akasema habari yenyewe hapa ni uhuru. Basi. Guston akafunga mizigo akaenda Italia.

Nimesoma ukurasa huo mara nyingi, maana mimi nami nina Oktoba yangu. Lakini kabla sijaisimulia, lazima niseme juu ya picha moja, la sivyo nitakuwa nimedanganya.

Picha hiyo inaitwa The Studio, ya mwaka 1969. Mtu aliyevaa kofia ya wabaguzi ameshika brashi, sigara iko mkono mwingine, mbele yake kuna turubai. Anachora picha ya mtu aliyevaa kofia. Yaani anajichora mwenyewe. Balbu inaning'inia juu yake, ile ile ya kabatini. Mtoto wa Kiyahudi, ambaye watu wa kofia zile walikuwa adui zake, sasa ameivaa kofia mwenyewe. Alitaka kujua ubaya unakaaje ndani ya mtu anayevuta sigara na kufanya kazi yake kama kawaida. Hakunyoosha kidole nje tu. Alijiuliza: na mimi je, nilikuwa wapi?

Mimi najua nilikuwa wapi. Nilikuwa kituo cha daladala na washikaji wawili wa kijiwe, mchana, jua kali. Mkokoteni ukapita, na mwenye mkokoteni anaita, "Vyuma chakavuu! Sufuria mbovuu!" Mmoja wa wenzangu akaiga ile sauti, akaivuta puani, akaiga vizuri kweli. Tukacheka. Nami nilicheka. Na yule mwenye mkokoteni alikuwa ni baba. Alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu, naye akaendelea kusukuma kama hanijui. Alinisitiri. Jioni sikuulizwa kitu. Nilikuta wali wangu umefunikwa, kama siku zote.

Hilo limepita miaka mitatu. Nilijaribu kuliandikia shairi, likatoka "kimya cha magurudumu". Washikaji wakasema zito.

Mwezi wa Ramadhani uliopita, usiku, baada ya futari, baba alikiona kitabu changu mezani. Hasomi Kiingereza, lakini alikifungua. Alizipita picha za moshi bila neno. Alipofika kwenye moja ya mwaka 1973, Painting, Smoking, Eating, akasimama. Ni mtu mwenye kichwa kikubwa, jicho moja, amelala kitandani, sigara mdomoni, sahani ya chakula kifuani, na nyuma yake rundo la viatu. Picha yenyewe, kwa vipimo vya kitabuni, ina karibu meta 2 kwa meta 2.6, ukuta mzima wa chumba chetu.

"Huyu hajalala," baba alisema. "Anahesabu."

"Anahesabu nini, baba?"

"Mzigo. Ukilala na mzigo chumbani hulali, unahesabu." Akagusa vile viatu kwa kidole. "Na huyu aliyechora ameshawahi kuokota. Mtu wa dukani huchora kiatu kwa juu. Aliyeokota anaanza na soli, kwa sababu soli ndiyo inayokuambia kama kinafaa."

Nikamsimulia habari za baba yake Guston. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mungu amrehemu." Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yote minane hajawahi kuniuliza: "Na wewe, mwanangu, hayo mashairi yako yanahusu nini?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Nilijaribu kusema yanahusu nafsi. Baba akaitika, "Aha," kwa heshima kabisa, kama anavyomwitikia mteja aliyeleta bati lililooza akidai ni shaba.

Usiku ule nilitoa daftari langu la mashairi nikataka kulichana. Kiberiti nilikuwa nacho. Kilichonizuia ni kitabu kile kile. Nilikuwa nimeweka kurasa mbili kando kwa kando, Zone na vile viatu, nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo: ni waridi ile ile. Ni nyekundu ile ile, ni mpigo ule ule mzito wa brashi iliyolowa rangi. Mkono uliopaka moshi wa 1953 ndio uliochora viatu vya 1973. Asingeweza kuvichora hivyo kama asingekaa miaka kumi na kitu kwenye moshi akijifunza uzito wa rangi. Watu husema alitupa mtindo mmoja akashika mwingine. Mimi naona alibeba. Alibeba katuni za kabatini, kofia za ujanani, waridi ya utu uzima, akavimwaga vyote mezani uzeeni. Kama mnunuzi wa vyuma chakavu: hakuna kinachotupwa, kuna ambacho hakijapimwa tu.

Basi daftari sikulichana. Liko kabatini. Yale mawimbi yalinifundisha kusikiliza sauti ya neno kabla ya maana yake, na hilo nalihitaji hata nikiandika juu ya sufuria.

Oktoba yangu ilikuja Jumamosi moja mvua ikinyesha, tukabanana varandani. Zamu yangu ilipofika nilisoma kisa kifupi, kurasa tatu, cha kijana aliyecheka kituoni. Nilitaja mkokoteni. Nilitaja sauti ya kuiga, na aliyeiga alikuwa amekaa mbele yangu, ingawa jina sikulitaja. Nilimtaja baba kwa jina lake. Nilipomaliza hakuna aliyetikisa kichwa. Mvua tu. Mmoja akasema, "Sasa hii si ni insha ya darasa la saba?" Mwingine akasema nimeshuka kiwango. Yule aliyeiga sauti alikuwa akitazama sakafu, na hajaja kijiweni tena. Ni rafiki yangu. Linaniuma, na sitasema kwamba haliniumi.

Guston hakuona mwisho wa habari yake vizuri. Onyesho kubwa lilifunguliwa San Francisco Mei 1980, na tarehe 7 Juni akafariki kwa moyo. Baada ya hapo vijana wakazichukua zile picha zilizotemewa mate wakazifanya shule yao. Feldman, yule rafiki aliyenyamaza, mwaka 1984 alitunga muziki wa zaidi ya saa 4 na kuupa jina la Guston. Saa 4 za kuomba radhi, naziita mimi. Lakini hata kaburini kofia zake hazikutulia: mwaka 2020 majumba manne makubwa ya Marekani na Uingereza yaliahirisha onyesho lake kwa kuogopa zitaeleweka vibaya, wasanii kwa mamia wakapinga, na likafunguliwa Boston mwaka 2022, kisha London mwaka 2023. Picha iliyochorwa 1969 bado inawatoa watu jasho. Moshi mwekundu haujawahi kumtisha mtu.

Wenzangu mnaoanza, siwaambii muache mawimbi na kiza. Kila mtu ana miaka yake ya moshi, na pengine yako bado inakudai. Nawauliza tu alichoniuliza baba, nanyi mjibu mkiwa peke yenu: yanahusu nini?

Kisa kile nilimsomea baba mwenyewe wiki iliyopita, uani, yeye akifunga gunia kwa kamba. Nilipofika pale kituoni sauti ilinikwama. Hakuinua kichwa. Alisubiri mpaka nikamaliza, akavuta fundo, akasema, "Siku ile jua lilikuwa kali kweli."

Halafu akaniomba nimshikie upande wa pili wa gunia.